Nani Yuko Huru Alhamisi?

Nani yuko huru Alhamisi asubuhi?

Nyambura aliliandika swali hilo Jumapili, kwenye grupu la simu linalowaunganisha jamaa na majirani wote wa mtaa wa Thamesmead, London, wanaojua Kiswahili, pamoja na wengine wengi wasioijua hata hiyo Thamesmead. Hakuna aliyejibu. Mjomba wa Nakuru alituma waridi linalometameta lenye salamu za asubuhi. Mama mmoja wa kanisani akatuma zaburi nzima, tangu aya ya kwanza hadi amina. Mtu ambaye hadi leo hajulikani ni nani akatuma video ya mbuzi anayekwea mti. Baba yake mwenyewe, Wanjohi, aliweka dole gumba. Na dole gumba, kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye mdahalo, si jibu. Ni mtu aliyepita njia.

Alhamisi hiyo Nyambura alikuwa na miadi na mshauri wa afya ya akili pale chuoni. Mara ya kwanza alifika hadi mlangoni, akageuka. Mara ya pili hata basi hakupanda. Safari hii walimwambia kwa upole wa Kiingereza, ule upole unaonyoa bila maji, kwamba asipoonekana jina lake litarudi mkiani mwa foleni, na foleni yenyewe itakapomfikia tena mitihani itakuwa imeshampita. Alijijua: peke yake hatafika. Huyu ndiye binti aliyekuwa akiwafumba midomo wavulana wa sheria kwenye midahalo ya chuo. Muhula uliopita alisimama mbele ya ukumbi, akaitwa jina, na badala ya kusema, mkono ukajiingiza mfukoni, ukatoa simu, akaanza kuiperuzi mbele ya watu kana kwamba yuko kitandani kwake. Tangu siku hiyo yeye hakurudi ukumbini, na usingizi haukurudi kwake.

Sasa ni Jumanne, na Nyambura ameketi mwishoni mwa benchi lililo nje ya duka la kufulia nguo, akisubiri mashuka ya nyumbani. Benchi hilo huitwa Bunge. Vikao hufunguliwa nguo zikiingia mashineni na huahirishwa zikikauka, na mtu mwenye hoja ndefu huleta mablanketi. Upande wa ukutani huketi Mzee Abdulwakil wa Mombasa, aliyestaafu udereva wa teksi, ambaye wote humwita Birika kwa sababu kahawa ni yake: huileta kwenye chupa ya chai, chungu, yenye tangawizi, na kashata ndani ya kopo la biskuti. Katikati huketi Papa Philippe wa Bukavu, msafishaji wa maofisi, aitwaye Papa Upako maana hakuna jambo, hata goti, asilolipeleka kwanza kwa mchungaji. Na upande wa barabara huketi Wanjohi, baba yake Nyambura, anayelea wazee katika nyumba ya wazee. Jina lake la benchini ni Hansard, kama kumbukumbu rasmi za bunge: hujibu salamu kana kwamba kuna karani anayeandika.

— Muangalie ule mutoto, akaanza Papa Upako, akionyesha kwa kidevu. Tangu nifike hapa hajainua kichwa.

— Nakutafutia daktari wa goti, Papa, akasema Nyambura.

— Endelea, mama, endelea. Mungu akubariki. Papa akawageukia wenzake. Lakini muangalie vizuri. Hajainua kichwa!

— Hoja ya nidhamu! akasema Hansard. Hilo jambo nimelileta hapa mara ngapi? Hawa wanafunzi wa siku hizi, ukiwanyima intaneti saa moja tu, wanatetemeka kama kuku alinyeshewa. Huyu wangu anakula na simu. Analala na simu. Juzi nimempata bafuni na simu, nikamuuliza, kwani unaiogesha?

Benchi likacheka. Nyambura hakucheka. Bafuni siku hiyo alikuwa akimrudishia baba yake nywila ya ratiba ya kazini, aliyoisahau kwa mara nyingine, na mlangoni baba yake alikuwa akigonga na kusema fanya haraka. Angeweza kulisema hilo. Kwenye mdahalo lingekuwa la kwanza. Lakini mtoto aliyelelewa hawakatizi wazee, na isitoshe ukweli ulikuwa na makali ya pande mbili: baada ya ile nywila alibaki bafuni muda mrefu, amekaa ukingoni mwa beseni, akitazama video za watu wanaopanga viatu, bila kupenda viatu wala watu.

— Wallahi mimi sababu naijua, akasema Birika, akimimina kahawa. Ni mwanga. Mwanga wa simu ni wa baridi. Jicho likipata baridi, ubongo hushikwa na mafua. Ubongo ukipiga chafya, mwanafunzi kafeli.

— Ubongo unapigaje chafya? akauliza Hansard.

— Hujamwona mtoto akashtuka mwenyewe bila kuguswa? Ndiyo hiyo. Dawa yake habasoda na asali, wampaka nyayoni.

— Shida iko kwa macho, unatibu nyayo?

— Yakhe, mti hutiliwa maji shinani!

— Sasa hapo umesema, Hansard akakubali, na kwa nidhamu ya Bunge akanywa kahawa.

Papa Upako alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayewasikiliza wapagani.

— Bandugu, munacheza. Hii haiko ya nyayo. Hii inaingia kwa chaja. Kwetu Bukavu plagi iko na meno mbili. Hapa Uingereza iko na ngapi?

— Matatu.

— Ile ya tatu inafanya kazi gani?

— Kuzuia shoti, Papa, akasema Nyambura bila kuinua kichwa. Goti lako limepata nafasi Ijumaa. Asubuhi au mchana?

— Mchana, mama. Kuzuia shoti! Mumesikia? Shoti njo jina balimupa. Mchungaji alituambia kwa ile ibada ya simu: pepo ya zamani ilikuwa inakaa kwa njia panda, sasa inakaa kwa plagi. Tena fanya hesabu mwenyewe. Kila mwaka simu zinaongeza akili. Kila mwaka batoto banapunguza. Ile akili inatoka wapi?

Hata Nyambura aliona kwamba, kama hoja, ilikuwa imefungwa kwa kamba nzuri.

— Inafyonzwa kwa kidole, akaendelea Papa Upako, aliyeonja ushindi. Njo maana wanasugua, wanasugua. Wanajikamua!

— Nyinyi wote mnazunguka mbuyu, akasema Hansard, akisimama kabisa. Mimi ninawaletea siasa. Mkoloni alichukua nini kwetu? Ardhi. Tukapigana, akarudisha. Akakaa chini, akafikiria, akaona ardhi ni mzigo, lazima upalilie. Sasa anachukua shingo.

— Shingo?

— Shingo! Mwangalie huyu. Ameinama. Mtu ameinama haoni mbele, haoni nyuma, hawezi kuandamana, hawezi kupiga kura. Taifa lote liko hivi. Akainama kuwaonyesha, na watu waliokuwa wakipita wakidhani anaumwa tumbo wakampisha njia.

— Lakini Wazungu wenyewe pia wameinama, Birika akasema. Nenda Edgware Road uone. Waarabu pia. Watalii wa Omani wavuka barabara wamepiga rukuu.

— Hiyo ni chambo! Anainama yeye kwanza ili wewe uige. Mvuvi si lazima aonje mnyoo?

— Mvuvi haonji mnyoo, akasema Birika.

— Wa kwenu Mombasa haonji. Huyu ni wa kimataifa.

Nyambura alijiuma midomo. Kulikuwa na siku angesimama na kuzipangua hoja hizi moja baada ya nyingine mpaka zibaki mifupa. Angewauliza: nani kati yenu amewahi kuzungumza na kliniki mwenyewe? Nani ana viza ambayo haikai ndani ya simu hii yangu, kwa vile serikali imeamua karatasi zimekwisha, viza ni za mtandaoni, na nyinyi mkaamua mtoto wa Wanjohi yupo? Harusi ya Lamu iliyoonyeshwa moja kwa moja wiki jana nani aliifungua? Mazishi ya Bukavu, Jumamosi nzima, nikishika simu juu ili kila mtu alie vizuri, nani alishika? Mnaniita mraibu kama mtu anayemwita punda mzururaji, mizigo aliyombebesha ikiwa ya mtu huyohuyo.

Hayo yote yalipita kichwani, tena kwa mpangilio, na wakati yakipita kidole gumba kilikuwa kimeshafungua lile grupu tena. Nani yuko huru Alhamisi asubuhi? Chini ya swali: waridi, zaburi, mbuzi, dole gumba, na sasa tangazo la mtu anayeuza friji. Kilifunga. Kikafungua tena. Hilo ndilo lililomtisha yeye. Hakuwa akisoma chochote. Alikuwa akigonga mlango wa nyumba aliyojua haina watu, na hakuweza kuacha kugonga.

— Umeona? Hansard alimwelekezea kidole. Hapo hapo nikiongea! Waheshimiwa, ninaleta hoja. Simu ikamatwe. Wiki moja.

— Naunga mkono, akasema Papa Upako. Ndani ya hiyo wiki atafunga na kuomba.

— Mimi nasema ni kuchelewa, akasema Birika. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu yuko mwaka wa tatu, keshakauka. Mkimkunja atavunjika.

— Basi tumloweke kwanza.

— Wiki moja ndiyo kuloweka kwenyewe!

Hoja ikapita kwa kauli moja. Birika akamwaga kashata kwenye karatasi, akalikung'uta kopo la biskuti, akalifungua mbele ya Nyambura kwa heshima zote, kama sahani ya sadaka.

— Tia, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mimi nimesikia, Mzee.

— Ndiyo maana guu lako zima. Tia.

Akaitia simu. Hansard akafunika kopo na kulikalia. Nyambura aliutazama mkono wake wa kulia: ulikuwa umebaki vilevile, umejikunja, kidole gumba kikiwa juu, kikingoja. Na kama sasa hivi, dakika hii hii, kuna mtu amejibu?

— Unajisikiaje? akauliza Papa Upako kwa upole wa kweli.

— Sijui, Papa.

— Iko vizuri. Pepo ikitoka muntu hajui.

Kopo likanguruma.

Hansard aliruka kama aliyeumwa na siafu. Wote watatu wakalitazama. Likanguruma tena.

— Inaweza kuwa kliniki, akasema Papa Upako, sauti ikiwa imeshuka. Ya goti. Huwa wanatuma ile namba ya kuhakikisha.

— Hoja imepita, Philippe.

— Ndiyo, imepita. Lakini goti ni ya mbele ya hoja.

Kopo likafunguliwa kwa dharura. Nyambura akasoma namba, akaiweka mahali pake, goti likathibitishwa, simu ikarudi kifungoni. Hansard akakalia tena. Hata hajapata mkao, Birika akakohoa.

— Huyu bwana wa Lamu, akasema, akitazama angani. Mpwa wangu. Alisema leo hii atapiga kwa video, mtoto wake apewa jina. Na nambari alonayo ni ya Nyambura, maana simu yangu mimi yanisikia lakini hainioni.

— Mzee Birika! Wewe ndiye ulileta kopo!

— Kopo nimeleta. Udugu sijaleta koponi.

Likafunguliwa. Lamu ilikuwa haijapiga. Likafungwa. Likafunguliwa kwa sababu Papa Upako hakukumbuka kama alisema goti la kulia.

— Jela gani hii mlango wake ni wa hoteli! akafoka Hansard. Hakuna kufungua tena, hata ikinguruma kama simba. Kanuni ni kanuni. Sisi Bunge tukitunga sheria...

Kopo likanguruma, na safari hii kwa mlio aliouelewa yeye: mlio wa ratiba ya nyumba ya wazee, ambayo nayo iliingizwa kwenye simu ya binti kwa sababu ya nywila. Hansard alisimama, akalichukua kopo, akalifungua mwenyewe, akampa Nyambura simu.

— Haraka, haraka. Kuna shifti wametupa. Ikubali kabla mwingine hajaichukua.

— Kanuni ni kanuni, akasema Birika taratibu.

— Hii ni mkate, si intaneti. Kubali, Nyambura.

Nyambura akatazama. Shifti ilikuwa ya asubuhi. Ilikuwa ya Alhamisi. Kitufe cha kukubali kilikuwa cha kijani, kikubwa, na kidole gumba kilikuwa kimeshafika juu yake, maana hiyo ndiyo kazi kiliyoijua maishani.

Hakikushuka.

Wakati huo ndipo mlango wa duka ulipofunguliwa, akatoka mwanamke aliyebeba sare za uuguzi, bado zina joto la mashine. Aliitwa Emma, alikuwa ametoka Kisumu mwezi huohuo, na tangu mwanzo wa kikao alikuwa amesimama dirishani akingoja nguo na kusikiliza, kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza tangu afike London kusikia watu wakigombana kwa Kiswahili. Birika alimsogezea nafasi na kummiminia kahawa. Ilijaza nusu kikombe tu, kisha chupa ikakoroma. Ilikuwa ya mwisho.

— Asanteni. Hamjambo wazee? Samahani kwa kuingilia, akasema Emma. Nimesikia mnaongea juu ya huyu msichana saa yote, na mimi ni mgeni. Anasoma nini?

— Nani?

— Huyu. Huko chuo. Anasoma nini?

Birika akafuta mdomo kwa leso.

— Yuko chuo, akasema.

— Mwaka wa tatu, akaongeza Papa Upako.

— Anasoma sana, akasema Hansard. Tangu akiwa mdogo.

— Hapana, nimeelewa, akasema Emma bila ubaya wowote. Nilikuwa nauliza somo lenyewe.

Papa Upako akamtazama Birika. Birika akatazama chupa. Wote wawili kisha wakamgeukia Hansard, kwa vile swali lilikuwa la wizara yake.

— Ni... ile ya sheria, akasema Hansard.

Nyambura akainua kichwa.

— Alianza na sheria, akajirekebisha. Halafu kukawa na mambo ya... Uliniambia, Nyambura. Si uliniambia?

— Niliandika kwenye grupu, Baba. Wakati nilibadilisha.

— Na mimi nikasema?

— Uliweka dole gumba.

Karani yule wa mawazo anayeandika kila neno la Hansard alikuwa ameweka kalamu chini. Wanjohi akaketi, si juu ya kopo, bali kwenye benchi kama mtu wa kawaida aliyetoka shifti ya usiku, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama bintiye usoni: macho mekundu, mashavu yaliyoingia ndani, na ule mkono uliojikunja.

— Kwani hulali? akauliza.

— Silali.

— Tangu lini?

Ndani, mashine ya kukausha ikalia mlio wake wa kumaliza. Kwa desturi, hapo kikao huahirishwa na kila mtu huinuka na kikapu chake. Hakuna aliyeinuka. Simu ikanguruma mkononi mwa Nyambura, kukumbusha kwamba shifti bado ipo na wengine wanaitazama.

Alijua kusimama, alijua kuhesabu hoja kwa vidole, alijua wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kuacha ukumbi unyamaze. Hakutumia hata kimoja. Akailaza simu juu ya benchi, kioo chini.

— Baba, usichukue hii shifti. Alhamisi asubuhi nina daktari wa mambo ya akili kule chuo, na mara mbili nimeshindwa kuingia peke yangu. Naomba unisindikize.